18,446,744,073,709,551,615: namba ya ubao wa sataranji, na mahali mpangilio wake unapokatika

Kigawo (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Namba iliyo kwenye kichwa cha uzi huu wengi wenu mmeshakutana nayo. Mcheza sataranji ameisikia kwenye hadithi ya punje za ngano. Mwandishi wa programu ameiona ikijitokeza kwenye skrini pale alipotegemea kuona −1. Mara nyingi mazungumzo juu yake huishia kwenye ukubwa: tarakimu 20, kuintilioni 18 na ushei, basi. Leo naomba tuifungue tuone ndani. Naipenda kuliko namba nyingine zote nilizowahi kuzichambua, na sababu ni moja: imebeba mpangilio unaokwenda hatua tano bila dosari, hatua ya sita unakatika, na aliyeamini kwamba haukatiki ni mmoja wa wanahisabati wakubwa waliowahi kuishi.

Hadithi naipitia haraka maana mnaijua. Ibn Khallikan, mwandishi wa karne ya 13, anasimulia kuwa Sissa ibn Dahir alimtengenezea mfalme wa Bara Hindi mchezo wa sataranji. Alipoulizwa anataka zawadi gani akaomba ngano: punje 1 kwenye mraba wa kwanza, 2 kwenye wa pili, 4 kwenye wa tatu, kila mraba mara mbili ya uliotangulia, hadi wa 64. Hesabu yenyewe ni ya zamani kuliko kitabu hicho. Al-Biruni alikwishaipiga yapata mwaka 1000. Ukikadiria punje moja kuwa gramu 0.04, mzigo wote unafika kama tani bilioni 738. Dunia nzima siku hizi huvuna ngano karibu tani milioni 800 kwa mwaka, kwa hiyo mfalme angehitaji mavuno ya zaidi ya miaka 900.

Kujumlisha hakuhitaji kuandika miraba yote. 1+2=3, moja pungufu ya 4. 1+2+4=7, moja pungufu ya 8. Popote utakaposimama, jumla ya ulikopita ni mraba unaofuata ukitoa 1. Mraba wa 65, kama ungekuwepo, ungebeba 2^64, yaani 18,446,744,073,709,551,616. Toa 1, umeipata namba yetu. Kuanzia hapa nitaiita N ili nisiwachoshe.

Sasa ndipo penyewe. Badala ya kuhesabu punje, tuunganishe ubao kipande kwa kipande.

Mraba wa kwanza na wa pili: 1+2=3. Jozi inayofuata ni 4+8=12, yaani ile 3 mara 4. Inayofuata ni 16+32=48, yaani 3 mara 16. Kila jozi ni kigawe cha 3, basi ubao mzima unagawanyika kwa 3.

Unganisha jozi mbili. Ya pili ni mara 4 ya kwanza, kwa hiyo kwa pamoja ni mara 1+4, yaani 5. Tumepata 3×5=15, ambayo ni nusu ya mstari. Unganisha nusu mbili za mstari: ya pili ni mara 16 ya kwanza, 1+16=17, na 15×17=255. Huo ni mstari mzima wa miraba 8. Mistari miwili: 1+256=257, na 255×257=65,535. Mistari minne: 1+65,536=65,537, na jumla inafika 4,294,967,295. Hiyo ni nusu ya ubao. Bado hatua moja tu, kuunganisha nusu mbili za ubao. Ya pili ni mara 4,294,967,296 ya kwanza, hivyo tunazidisha kwa 4,294,967,297.

Kwa hiyo:

N = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297

Angalieni vigawo vitano vya kwanza. 3 ni tasa. 5 ni tasa. 17 ni tasa. 257 ni tasa. 65,537 ni tasa. Kila mara tulipounganisha vipande viwili vilivyo sawa kwa idadi ya miraba, ilizaliwa namba tasa mpya. Mwaka 1640 Pierre de Fermat wa Ufaransa alizitazama namba hizi na kuandika kwamba anaamini zote zitakuwa tasa, bila mwisho. Uthibitisho hakuwa nao, na alikiri hivyo. Alifariki mwaka 1665 na dai lake likabaki limesimama.

Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417.

Yaani mpangilio unakatika kwenye mshono wa mwisho kabisa wa ubao, pale nusu ya chini inapokutana na nusu ya juu. Kwa ukamilifu wake N ni:

3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417

Namba tasa saba, hakuna inayojirudia. Kila kigawo cha N kinapatikana kwa kuamua, kwa kila tasa kati ya hizo saba, kuichukua au kuiacha. Maamuzi saba ya namna mbili mbili yanatoa 2^7, kwa hiyo N ina vigawo 128.

Nawasilisha. Karibuni tuchambue.

Mwalimu wa Namba

Mkuu, uzi mzuri, na hiyo njia ya kuunganisha ubao nitaipeleka darasani. Swali langu ni la ubao na chaki. Wanafunzi wangu hawaruhusiwi kikokotoo. Nitawathibitishiaje kwamba 641 inaigawa 4,294,967,297 bila kufanya kile kigawanyo kirefu mbele yao?

Kigawo

Mwalimu, shukrani. Tumia baki, usiguse namba kubwa kabisa.

2^8 ni 256. Ipandishe kipeo cha pili upate 2^16, yaani 65,536. Gawa kwa 641: inaingia mara 102, baki 154. Sasa 2^32 ni kipeo cha pili cha 2^16, kwa hiyo chukua baki peke yake: 154×154=23,716. Gawa kwa 641: inaingia mara 36, baki 640.

Umeshamaliza. Ikiwa 2^32 inaacha baki 640, basi 2^32+1 inaacha 641, yaani haibakizi kitu. Mstari mmoja zaidi na wanafunzi wataona N yenyewe: 640×640=409,600, ambayo ni 641×639 na baki 1. Kwa hiyo 2^64 inaacha baki 1, na 2^64−1 haibakizi kitu.

Kwa wale wa mbele kidogo darasani ipo njia fupi zaidi, na kwangu ndiyo nzuri kupita zote. 641 inaandikika kwa namna mbili: 641 = 5×128+1, na 641 = 625+16, yaani 5^4+2^4. Ya kwanza inasema 5×2^7 ni sawa na −1 ukihesabu kwa baki za 641. Ipandishe kipeo cha nne: 5^4×2^28 ni sawa na 1. Ya pili inasema 5^4 ni sawa na −2^4. Badilisha: −2^4×2^28, yaani −2^32, ni sawa na 1. Kwa hiyo 2^32+1 ni sawa na sifuri. Hakuna kigawanyo hata kimoja.

Tarakimu

Sawa, kuhakiki 641 ni rahisi ukishaambiwa. Lakini Euler hakuambiwa na mtu. Kabla ya 641 kuna namba tasa 115. Alizijaribu zote?

Kigawo

Hapana mkuu, hakuhitaji, na sababu inafaa kuelezwa taratibu.

Chukua namba tasa p inayogawa 2^32+1. Kwa baki za p, 2^32 ni −1, na ukiipandisha kipeo cha pili, 2^64 ni 1. Maana yake ukiendelea kuzidisha 2 kwa 2 huku ukiangalia baki tu, unarudi kwenye 1 baada ya hatua 64 kamili. Si mapema zaidi, kwa sababu mzunguko mfupi ungelazimika kuwa kigawo cha 64, yaani 32 au pungufu, na hapo 2^32 ingekuwa 1, wakati tunajua ni −1.

Sasa kuna kanuni inayosema urefu wa mzunguko kama huo lazima ugawe p−1. Kwa hiyo p−1 inagawanyika kwa 64, na p ina umbo la 64k+1. Ziandike: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Ya tano ndiyo yenyewe. Kutoka majaribio 116 hadi 5.

Na kanuni hiyo ya mzunguko ni ya nani? Ni ya Fermat mwenyewe, ya mwaka huo huo wa 1640. Chombo cha kulivunja dai lake alikuwa nacho mkononi. Jambo hili hunishangaza kila nikilifikiria.

Fundi Msimbo

Nachangia upande wa kompyuta. N ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 64 zisizo na alama ya hasi: biti zote 64 zikiwa 1. Ongeza 1 na zote zinageuka 0. Kwa hiyo programu ikichukua 0 na kutoa 1 mahali pa aina hiyo, haipati −1, inapata N. Ndiyo ile mleta uzi aliyosema inajitokeza kwenye skrini. Ukiiona kwenye ripoti ya mfumo wako, karibu kila mara ni hasi iliyosomwa vibaya.

Jaribio kwa wanaotaka kuona kwa macho. Fungua Excel uandike =2^64-1, kisha uipe fomati ya namba. Itakuletea 18446744073709600000. Fanya hesabu hiyo hiyo kwenye kivinjari kwa JavaScript, utapata 18446744073709552000. Zote mbili si N. Sababu ni kwamba programu hizo hutunza namba kwa usahihi wa biti 53, na N inahitaji biti 64, kwa hiyo tarakimu za mwisho zinazungushwa. Python ukiandika 2**64-1 inatoa N kamili, kwa sababu namba zake nzima hazina ukomo huo.

Jingine ni la mwaka 2038. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa biti 32 zenye alama, na mwisho wake ni 2,147,483,647, ambayo ni punje za miraba 31 ya kwanza. Zitajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa za Afrika Mashariki ni saa 12 asubuhi na dakika 14 na sekunde 7. Mifumo iliyohamia biti 64 haina wasiwasi huo kwa miaka bilioni 292.

Kigawo

Fundi, hiyo 2,147,483,647 nayo ina historia: ni tasa, na aliyethibitisha ni Euler huyo huyo, mwaka 1772.

Mzee wa Kete

Vijana, mimi ni mtu wa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Nimesoma mwanzo wa uzi nikaona namba hizo hizo mbili, nusu ubao na ubao mzima. Nikipanda kete kwa namna ya huyo Sissa, shimo la kwanza 1, la pili 2, naishia wapi?

Kigawo

Mzee, shikamoo.

Kwa kete zako 64 utajaza mashimo sita, maana 1+2+4+8+16+32=63, na kete moja itabaki kwa shimo la saba. Lakini ukiwa na kete zisizoisha, mashimo 32 yatabeba 4,294,967,295 kwa jumla. Hiyo ndiyo namba ya mwisho kabla ya mpangilio kukatika: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, zote tasa za Fermat, hakuna doa. Bao linaishia pale pale mambo yanapokuwa safi, wakati sataranji inavuka mpaka. Ni sadfa, waliotengeneza bao hawakuwa na hesabu hii akilini, ila nimefurahi sana umeileta.

Mzee wa Kete

Marahaba. Hapo nimekuelewa.

Msumari

Mimi natofautiana na mleta uzi kidogo. N ni namba nyepesi. Inaisha na 5, mtoto wa darasa la tano anajua inagawanyika kwa 5. Tarakimu zake ukizijumlisha unapata 87, kwa hiyo inagawanyika kwa 3. Namba ngumu ni majirani zake. 2^61−1, yenye tarakimu 19, ni tasa, na kuthibitisha hilo kulisubiri hadi mwaka 1883, kazi ya Ivan Pervushin wa Urusi. 2^67−1 yenye tarakimu 21 ilijulikana tangu mwaka 1876, kwa kazi ya Édouard Lucas, kwamba si tasa, lakini vigawo vyake havikuonekana hadi Frank Nelson Cole alipovitoa mwaka 1903: 193,707,721 × 761,838,257,287. Hizo ndizo za kuandikia uzi.

Kigawo

Msumari, hoja yako ina uzito na takwimu zako ni sahihi. Ila nadhani umenisaidia. Namba tatu zenye ukubwa unaokaribiana, zote 2 kwa kipeo fulani kutoa 1, moja haipasuki kabisa, nyingine ilipasuliwa kwa jasho, na N inafunguka yenyewe. Tofauti iko kwenye kipeo. 61 na 67 ni tasa, kwa hiyo ubao wa miraba 61 au 67 hauwezi kukatwa vipande vilivyo sawa. 64 inakatika katikati, na katikati tena, mara sita mfululizo. Kila mkato ni kigawo. Wepesi wake una sababu, na sababu hiyo ndiyo nilitaka tuione.

Halafu si kweli kwamba yote yalikuwa mepesi. Mikato mitano ya kwanza ilitoa tasa bure. Wa sita ulikaa miaka 92 tangu dai la Fermat hadi Euler.

Kidato cha Sita

Naomba kuuliza kuhusu ile 4,294,967,295. Nimesoma mahali kwamba inahusiana na maumbo ya kuchora kwa rula na bikari. Uhusiano ni upi?

Kigawo

Umegusa sehemu tamu. Wagiriki wa kale walijua kuchora kwa rula isiyo na vipimo na bikari pembetatu yenye pande sawa, pembetano, na ya pande 15 inayotokana na hizo mbili. Miaka zaidi ya 2,000 hakuna aliyeongeza namba tasa mpya. Machi 1796 Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 18, akaonyesha kwamba umbo la pande 17 linawezekana. Baadaye ikawa wazi kanuni nzima: idadi ya pande ikiwa witiri, umbo linachoreka iwapo tu idadi hiyo ni zao la tasa za Fermat zisizojirudia. Pierre Wantzel alikamilisha uthibitisho wa upande wa pili, kwamba nyingine haziwezekani, mwaka 1837.

Tasa za Fermat zinazojulikana hadi leo ni zile tano tu: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kwa hiyo idadi zote witiri za pande tunazojua zinachoreka ni vigawo vya 4,294,967,295, ukiacha 1. Vigawo ni 32, toa 1, zinabaki 31. Kubwa kuliko zote ni 4,294,967,295 yenyewe, umbo ambalo jicho lisingeweza kulitofautisha na duara. La pande 257 lilishughulikiwa na Friedrich Julius Richelot mwaka 1832. La pande 65,537 lilimchukua Johann Gustav Hermes kama miaka kumi, hadi 1894, na maandishi yake yamehifadhiwa Göttingen, Ujerumani.

641 inaigawa N, lakini umbo la pande 641 halichoreki. 641−1=640, ambayo ina 5 ndani yake; ingebidi iwe 2 kwa kipeo fulani pekee.

Sasa chukua daftari, nikuonyeshe jambo ambalo mimi mara ya kwanza lilininyima usingizi. Andika pembetatu ya Pascal, ile ambayo kila mstari unaanza na kuishia na 1, na kila namba ya kati ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Kila namba witiri weka 1, kila shufwa weka 0. Kisha soma kila mstari kama namba ya mfumo wa binari, ambapo nafasi kutoka kulia ni za 1, 2, 4, 8 na kuendelea, kama miraba ya ubao wetu.

1 ni 1
1 1 ni 3
1 0 1 ni 5
1 1 1 1 ni 15
1 0 0 0 1 ni 17
1 1 0 0 1 1 ni 51
1 0 1 0 1 0 1 ni 85
1 1 1 1 1 1 1 1 ni 255

Endelea. Mistari 32 ya kwanza inakupa vigawo vyote 32 vya 4,294,967,295, vimepangwa kutoka kidogo hadi kikubwa, hakuna kilichorukwa. Mstari wa 33 ni 4,294,967,297. Mstari wa 64 ni N.

Na hapa tena unaona mpasuko. N ina vigawo 128, lakini mistari 64 ya kwanza ya pembetatu inatoa 64 tu. Vilivyokosekana ni vile vyenye 641 bila 6,700,417, au 6,700,417 bila 641. Pembetatu inaijua 4,294,967,297 ikiwa nzima, vipande vyake haivijui.

Mwalimu wa Namba

Nimeijaribu hadi mstari wa 16 na imefika 65,535. Nimekaa nikaitazama muda mrefu. Kumbe kuzidisha kwa 3 kwa mfumo wa binari ni kuisogeza namba hatua moja na kuijumlisha na yenyewe, kama vile pembetatu inavyojijenga, ila bila kubeba.

Kigawo

Ndiyo hasa, mwalimu, na hilo la kutobeba ndilo kiini. Mstari wa tatu ni 5 na si 9 (3×3) kwa sababu 1+1 hapo katikati inaandikwa 0 na hatubebi kitu.

Tarakimu

Kuna sehemu nyingine N inapoharibu mpangilio, naiongeza. Kwa kila namba, hesabu ni ngapi zilizo chini yake ambazo hazina kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1. Kwa 3 ni mbili, kwa 4 ni mbili. Kwa 15 ni nane, kwa 16 ni nane. Kwa 255 ni 128, na 256 ni 128. Kwa 65,535 na 65,536 ni 32,768 kila moja. Kwa 4,294,967,295 na inayoifuata ni 2,147,483,648 zote mbili. Majirani wanalingana mara tano. Ukifika N na 2^64, hazilingani tena.

Kigawo

Safi sana. Na kiasi cha kupungua kinajulikana kamili. Kwa 2^64 idadi ni 2^63, yaani 2^31 mara 4,294,967,296. Kwa N ni 2^31 mara 640 mara 6,700,416, yaani 2^31 mara 4,288,266,240. Tofauti ya hizo mbili za mwisho ni 6,701,056. Jumlisha 641 na 6,700,417, toa 2, utaipata. Laiti 4,294,967,297 ingekuwa tasa, tofauti ingekuwa sifuri.

Fundi Msimbo

Kwa anayejiuliza kama haya yana kazi nje ya daftari: 65,537 iko kwenye vyeti vingi vya usalama vya tovuti tunazofungua kila siku. Mfumo wa RSA unahitaji kipeo cha wazi cha kusimba ujumbe, na 65,537 hupendelewa kwa sababu ni tasa na kwa binari ina 1 mbili tu, ya mwanzo na ya mwisho. Kompyuta inapandisha kipeo cha pili mara 16, inazidisha mara moja, imemaliza.

Pwani Njema

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Na ule mchezo wa minara na sahani za kuhamisha, si nao una namba hii?

Kigawo

Ndiyo. Ni wa Lucas, yule yule aliyetajwa na Msumari, aliutoa mwaka 1883. Ili kuhamisha sahani 64 kutoka mti mmoja hadi mwingine bila kuweka kubwa juu ya ndogo, unahitaji hatua zisizopungua N. Kila sahani ukiongeza, unarudia kazi yote mara mbili na hatua moja ya kati. Ukihamisha sahani moja kila sekunde, bila kulala, ni kama miaka bilioni 585, zaidi ya mara 40 ya umri wa ulimwengu unaokadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8.

Kidato cha Sita

Swali la mwisho kwangu. Tukichukua ubao wa miraba 128, mshono unaofuata unatoa tasa au unapasuka pia?

Kigawo

Unapasuka. Mshono huo ni 2^64+1, yaani N ukiongeza 2: 18,446,744,073,709,551,617. Thomas Clausen alipata vigawo vyake mwaka 1855, ila vikajulikana zaidi kupitia Fortuné Landry aliyevitoa mwaka 1880 akiwa na miaka 82: 274,177 × 67,280,421,310,721. Ukihakiki, 274,177 ni 1,071×256+1, ule ule umbo wa Euler lakini kwa ngazi ya juu zaidi.

Kwa hiyo ubao wa miraba 128 una punje 2^128−1, na namba zake tasa ni tisa: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537, 274,177, 6,700,417 na 67,280,421,310,721. Vigawo 512. Mishono inayofuata imechunguzwa moja moja, na hadi 2^(2^32)+1 zote zimethibitika si tasa. 2^(2^33)+1 ndiyo ya kwanza ambayo hakuna mtu duniani anayejua hali yake. Ina tarakimu zaidi ya bilioni mbili na nusu.